Baiskeli moja, njia nne: shajara ya kutafuta tairi

Juni 3

Nimeipindua baiskeli barazani, tandiko chini, magurudumu juu, na tangu alasiri nayatazama matairi yake. La nyuma limekuwa kipara katikati na ubavuni nyuzi zimeanza kuchungulia. La mbele lina nafuu kidogo. Yote mawili ni 26 x 1.5, membamba, yaliyokuja na baiskeli yenyewe nilipoinunua mtumba. Kubadilisha ni lazima. Niweke ya upana gani? Hapo ndipo nilipokwama, nikachukua daftari hili.

Mimi ni fundi umeme, nakaa Jambiani, kusini-mashariki mwa Unguja. Kazi zangu nyingi ziko Makunduchi, nyingine Paje. Kwa wiki moja baiskeli hii hupita njia nne zisizofanana. Kuna lami ya barabara kuu. Kuna kifusi cha kushukia kijijini, jiwe la uwandani lililopondwa, jeupe, ambalo likikauka huwa na ncha kama vigae. Kuna mchanga mkavu wa vichochoroni na wa juu ya pwani. Halafu kuna pwani yenyewe maji yakitoka, ambako dada yangu analima mwani. Mashamba yale kayarithi kwa mama, aliyekuwa miongoni mwa wanawake wa mwanzo kilimo hicho kilipoanza Paje na Jambiani mwaka 1989. Siku za mavuno mimi na baiskeli yangu tunahesabiwa kuwa punda.

Kwa hiyo siwezi kuwa na tairi la kila njia. Nina ringi mbili tu na fremu moja ya "mountain" yenye inchi 26.

Juni 5

Nimekwenda mjini na nimerudi na tairi lisiloingia.

Kwenye ubavu wa tairi pana maandishi ya aina mbili. Yale makubwa ya inchi ndiyo kila mtu huyasoma, na ndiyo yanayodanganya. Yale madogo, mfano 40-559, ndiyo ya kweli: namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha pale tairi linapokalia ringi. Mimi nilijua hivyo nusu nusu. Maeneo ya Darajani nilimwambia muuzaji nataka inchi 26, jembamba kidogo, la lami, nipate la kulinganishia. Akanipa lililoandikwa 26 x 1 3/8. Nikamuuliza kama litaingia. "Ishirini na sita ni ishirini na sita, kaka yangu."

Nyumbani likaning'inia juu ya ringi kama bangili ya mama mkononi mwa mtoto. Nikasoma yale maandishi madogo: 37-590. Ringi yangu ni 559. Tofauti ni milimita 31, yaani hata ulipake gundi halikai. Sasa nimeandika ndani ya jalada la daftari: inchi 26 zenye nukta, kama 1.5 au 1.95 au 2.1, ni 559. Inchi 26 zenye sehemu, kama 1 3/8, ni kitu kingine kabisa.

Mambo ni hayo hayo kwa inchi 28. Phoenix ya jirani yangu, ile nyeusi yenye breki za vyuma, inavaa 28 x 1 1/2, na ubavuni imeandikwa 40-635. Baiskeli za mtumba kutoka Uholanzi nazo watu wanaziita 28, lakini nyingi ni 622. Ukichukua la 622 ukajaribu kulivisha Phoenix utavunja kucha.

Bei ya tairi lile nimeiandika ukurasa wa mwisho, maana mke wangu husoma kurasa za mwanzo.

Juni 8

Bamvua, siku za maji kujaa na kutoka sana. Maji yametoka kabisa kwenye saa nne na nusu asubuhi, nikashuka na haya matairi ya zamani, 40-559, upepo psi 50 (kipimo cha msukumo wa upepo ndani ya tairi) kwa geji ya pampu, nione hasa tabu iko wapi kabla sijanunua kingine.

Nilidhani mchanga ni mchanga. Baada ya saa moja nimehesabu aina tatu. Ule wa karibu na maji, uliolowa na kushindiliwa na mawimbi, ni mgumu kama sakafu. Tairi jembamba linaacha mstari tu. Pale hata Phoenix hupita na abiria nyuma. Ukiingia ndani zaidi, kwenye mabwawa yaliyobaki na mchanga uliojikunja vijikunjo vidogo vidogo kama bati, tairi hutetemeka lakini linakwenda, mpaka ufike pahala penye tope laini chini ya ngozi ya mchanga, hapo gurudumu la mbele linatumbukia ghafla. Na mchanga mkavu, ule mweupe wa juu, hautembei kabisa. Tairi la mbele linachimba kama kisu, usukani unageuka wenyewe, nawe unashuka kabla hujaangushwa.

Nimegundua kipimo cha bure. Ukitembea peku, kisigino kisipoacha shimo, jembamba linapita. Kisigino kikizama kidogo, inategemea upepo. Kikizama mpaka kifundoni, sukuma.

Kwa hiyo pwani si tatizo moja. Tatizo langu ni hatua kama mia mbili za mchanga mkavu kati ya maji na nyumba ya dada, zikiwa na mzigo.

Juni 11

Ami yangu aliyeko Muscat kanitumia sauti. Nilikuwa nimemwandikia kwamba nataka tairi pana kwa ajili ya mchanga. Akacheka. Miaka mingi kaendesha gari kwenye matuta ya mchanga ya Sharqiya huko Oman, na kwa maneno yake: "Wewe mwanangu unauliza upana. Sisi huku tukifika mchangani tunashuka kwanza tunatoa upepo. Tairi ni lile lile." Gari linaloingia lami na psi 35, wao hulishusha mpaka 15 hivi, na wakirudi barabarani hulijaza tena.

Jioni nimejaribu. Nimetoa upepo mpaka psi 20 kwenye haya haya 1.5. Juu ya mchanga mkavu baiskeli imetembea hatua thelathini kabla ya kuzama, badala ya sita. Nikashangaa, nikafurahi, nikapanda kifusi kurudi nyumbani nikiwa na haraka ya maghrib.

Pancha. Gurudumu la nyuma, jiwe moja tu lenye kona. Tyubu nilipoitoa ina matundu mawili yanayotazamana, kama alama ya meno ya nyoka. Tundu la mwiba ni moja. Mawili maana yake tairi limebonyea mpaka ringi ikabana tyubu juu ya jiwe. Tairi la milimita 40 lina kimo cha karibu milimita 40 vilevile. Ukilitoa upepo hivyo, halina pa kubonyea.

Nadhani sasa naona ami alichosema na alichokiacha. Mchangani kinachokubeba ni ulaini. Lakini ili tairi liweze kuwa laini bila kukata tyubu, linahitaji kimo, na kimo huja pamoja na upana. Upana ni ruhusa ya kutoa upepo.

Juni 16

Maji mafu, bahari haitoki mbali, hakuna safari ya pwani. Nimetumia siku kupima.

Nimeazima mizani ya chini kwa mwenye duka. Mimi nikiwa juu ya baiskeli na kisanduku cha kazi nyuma, gurudumu la mbele linabeba kilo 36, la nyuma kilo 60. Hii peke yake imenifungua macho. Miaka yote hii nimekuwa nikijaza magurudumu yote mawili upepo sawasawa.

Kisha nimechukua daftari la grafu la binti yangu (kwa ruhusa, na kwa ahadi ya daftari jipya), nikapaka tairi la nyuma masizi ya sufuria, nikakaa juu ya baiskeli mke wangu akiishika, tairi likibonyea juu ya karatasi. Binti akahesabu miraba. Hesabu ya kichwani ni nyepesi: psi 14 na kitu ni karibu sawa na kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Psi 50 basi ni kama kilo 3.5. Kilo 60 gawa kwa 3.5, unapata sentimita za mraba 17. Binti kahesabu 15 na vipande. Zilizopungua, nadhani, ni mifereji ya tairi isiyogusa karatasi, na ubavu wa tairi ambao nao unabeba kidogo kwa ugumu wake.

Tumerudia na psi 30. Hesabu inasema 28; alama imetoka 25.

Jambo ambalo sikulitegemea: katika hesabu hii upana haumo. Tairi jembamba na pana, ukiyatia upepo sawa na uzito sawa, yanagusa ardhi kwa eneo karibu lile lile. Kinachobadilika ni umbo la alama. Jembamba linatoa alama ndefu nyembamba, kama kokwa la tende. Pana linatoa fupi iliyotanuka. Na ile ndefu ndiyo inayolikunja tairi zaidi kila linapozunguka, na kukunja huko kunakula nguvu za mguu. Yaani kwa upepo ule ule, pana ndilo lenye kubingirika kwa wepesi zaidi. Nimeisoma sentensi hii mara mbili baada ya kuiandika. Fundi yeyote wa baiskeli hapa kijijini angenicheka.

Lakini hapana mtu anayetia tairi pana upepo ule ule, na usijaribu. Tairi likiwa pana, upepo ule ule unauvuta ubavu wake kwa nguvu kubwa zaidi. Ndiyo maana tairi la mbio limeandikwa psi mia na zaidi na lile nene la mlimani limeandikwa nusu ya hapo au chini.

Juni 24

Matairi mapya yamefika: jozi ya 26 x 2.35, ubavuni 60-559. Safari hii nimesoma maandishi madogo kabla ya kutoa pesa, mara tatu, muuzaji akinitazama. Meno yake ni madogo na yamekaribiana katikati. Yale ya meno marefu ya matopeni nimeyaacha. Kisiwa hiki upande wetu hakina tope la kushikana. Maji ya mvua yanazama kwenye jiwe. Mchangani meno marefu yanachimba tu, na kwenye lami yanavuma kama nyuki huku yakiisha.

La mbele limeingia bila shida. Ringi zangu ni nyembamba, ndani milimita 18 kwa kalipa, na tairi lililoandikwa 60 limejaa likafika 56 tu. Hivyo ndivyo ilivyo: tairi lile lile kwenye ringi pana lingetanuka zaidi. Limekuwa na umbo la balbu, shingo nyembamba, kichwa kikubwa.

La nyuma ndilo lililonitia jasho. Fremu ina nafasi pale mabomba mawili ya chini yanapokutana karibu na kanyagio, lakini si nyingi. Gurudumu likizunguka bila mzigo, limebaki na milimita tatu kulia, mbili na nusu kushoto. Nikajiambia zinatosha. Nimepanda, nimekanyaga kwa nguvu kupanda kilima kidogo cha kutokea pwani, na nimesikia *shh, shh, shh*. Ringi inacheza kidogo chini ya uzito, tairi linagusa bomba. Rangi imeshachubuka.

Mafundi wa mjini husema uache angalau milimita nne hadi sita kila upande. Sasa najua sababu. Penye mchanga wa pwani nafasi hiyo ni lazima, kwa sababu mchanga uliolowa hugandia tairi na ukipita kwenye nafasi finyu unakwangua fremu kama msasa.

Kwa muda nimeliacha hivyo, ringi nimeinyoosha kwa kukaza spoki. Namalizia majaribio kwanza, nitaamua baadaye.

Juni 30

Lami. Siku nne nimekwenda Makunduchi na kurudi, siku mbili kwa matairi ya zamani na siku mbili kwa mapya, nikiandika dakika.

1.5 kwa psi 55: kwenda 44, kurudi 37.
1.5 tena: kwenda 41, kurudi 38.
2.35 kwa psi 35: kwenda 43, kurudi 39.
2.35 tena, siku ya pili: kwenda 51, kurudi 36.

Atakayesoma jedwali hili bila kujua Unguja atasema tairi pana lilikuwa zito siku ile ya mwisho. Ukweli ni kusi. Miezi hii upepo unatoka kusini, na mimi nakwenda kusini. Siku ile ulikuwa unang'oa kofia. Kurudi umenisukuma mpaka mlangoni. Tofauti niliyokuwa naitafuta, dakika moja au mbili, imemezwa na upepo wa mbinguni.

Ninaloweza kuandika bila kujidanganya ni hili. Kwenye lami laini jembamba ni jepesi kuanzia: ukisimama kwenye tuta na kuondoka tena, unahisi. Pana ni zito kwa sababu ni zito kweli, mpira ni mwingi. Likishashika mwendo, tofauti inapungua mpaka sijui kama ipo. Kwenye rasta na pale lami ilipomeguka kando, pana linapita na mwili umetulia; jembamba linanirusha, nami kila mara napunguza mwendo bila kujua. Tairi gumu likigonga kokoto linainua baiskeli nzima pamoja na mtu wake na kisanduku chake. Laini linaimeza kokoto. Nguvu ya kunyanyua kilo 96, hata kwa milimita tano, inatoka miguuni mwangu, na haitoki bure.

Wenye mbio wenyewe walichukua muda kulikubali hili. Miaka mingi walipanda milimita 23 zilizojazwa zikawa kama mti, kwa imani kuwa jembamba na gumu ndilo la kasi. Siku hizi kwenye lami hiyo hiyo wanatumia 28 na zaidi, na kwenye mawe ya Paris–Roubaix huko Ufaransa wanapita 30. Kama kina wao wenye barabara zile wamepanua, mimi wa kifusi nang'ang'ania wembamba wa nini?

Kasoro moja ya pana, nimeiona kwenye kona ya kuingilia Makunduchi. Kwa psi 25 tairi la mbele liliyumba ubavuni, likakunjika kidogo chini ya ringi, na baiskeli ikaenda nisikotaka kwa muda wa kope moja. Balbu yenye shingo nyembamba. Kwa psi 35 halifanyi hivyo.

Julai 7

Bamvua tena, na mavuno. Siku ya kazi hasa.

Dada kafunga kiroba cha mwani mbichi nyuma, kilo 45, unachuruzika maji. Hapo hapandi mtu, ni kusukuma tu, yeye upande huu mimi upande ule. Nilitia psi 15 nyuma na 12 mbele kabla ya kuondoka nyumbani. Dada alibonyeza tairi kwa kidole gumba akasema, "Hili lina pancha." Nikamwambia halina. Hakuniamini mpaka tulipofika kwenye mchanga mkavu.

Wiki zote za nyuma tulikuwa tunapafika pale tunapumzika, tunashusha kiroba, tunakiburura. Leo baiskeli imekwenda. Imekuwa nzito, tumetweta, lakini imekwenda hatua zote mia mbili, na nyuma yetu mfereji wa tairi ulikuwa wa kina cha vidole viwili badala ya kina cha kiganja. Safari ya pili dada kasukuma peke yake huku akinipigia kelele nimfungulie lango.

Safari ya tatu: *shh, shh*. Mzigo mzito, ringi imecheza, mchanga umejaa kwenye ile nafasi ya milimita mbili na nusu. Tulipofika nyumbani bomba la fremu lilikuwa limeng'aa chuma kitupu. Chuma kitupu na maji ya bahari, na kesho asubuhi kutu. Nimekiosha kwa maji ya kisima, nimekifuta, nimekipaka rangi ya kucha ya binti yangu kwa kuwa ndiyo iliyokuwapo. Fremu ina doa jekundu.

Hili la nyuma haliwezi kukaa.

Julai 17

Siku hizi za Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi, barabara ya huko imejaa magari, nimepita pembeni kwenye kifusi karibu njia nzima. Psi 30 mbele, 38 nyuma. Hakuna pancha. Sina la kuongeza.

Julai 25

Nimezungumza na fundi wa Paje, mzee anayefunga magurudumu kwa kusikiliza spoki zinavyolia. Nimemweleza mpango wa kununua ringi pana, ya milimita 25 ndani, ili balbu ipate shingo. Kanisikiliza mpaka mwisho, kisha kasema ringi pana itatanua tairi, na tairi likitanuka nyuma litagusa bomba zaidi. Sikuwa nimelifikiria. Nimekaa kimya kidogo.

Ushauri wake: la nyuma shuka, 26 x 2.0, yaani 50-559. La mbele libaki 2.35. Nikapinga, kwamba mzigo wote uko nyuma, kilo 60 kwa 36, iweje jembamba libebe zaidi? Akajibu kwa swali: "Mchangani gurudumu lipi linakuangusha?" La mbele. La mbele ndilo linalofungua njia. Likichimba, usukani umepotea. La nyuma linapita kwenye mfereji ambao mwenzake ameshaukanyaga. Na la nyuma lisipokuwa na nafasi, hata liwe pana kama godoro, halizunguki.

Kuhusu mzigo, alisema nihamishe uzito. Kisanduku cha kazi kitoke kwenye keria, kiwe kikapu cha mbele. Nilipopima tena jioni, mbele kilo 44, nyuma 52. Usukani umekuwa mzito kidogo kwenye kona, nitazoea.

Nimefunga 50-559 nyuma. Limejaa likapima milimita 48. Nafasi: saba kulia, sita na nusu kushoto.

Lile la 60 lililotoka nyuma limeningojea ukutani. Litakapoisha la mbele, litashuka.

Agosti 6

Bamvua nyingine, na karibu wiki mbili za mpangilio huu. Nimeandika kwa chaki nyuma ya mlango, karibu na kalenda ya miezi ambayo dada huitumia kujua maji:

Lami ya Makunduchi, na kisanduku: mbele 32, nyuma 42.
Kifusi: mbele 25, nyuma 35. Chini ya hapo nyuma ringi inagonga. Nimeisikia mara mbili, tyubu imesalimika.
Pwani mbichi, mtu juu: yabaki kama ya kifusi. Kutoa upepo hapo ni kujichosha.
Mchanga mkavu na kiroba, kusukuma: mbele 12, nyuma 18.

Namba hizi ni za mwili wangu na mizigo yangu. Dada, ambaye ni mwepesi kwangu kwa kilo kumi na tano, akiipeleka peke yake dukani hutoa psi tano kila upande kwa kile kidole gumba chake, na nilipomfuatia na geji nilikuta amekosea kwa moja tu. Geji yenyewe nayo siiamini sana, sindano yake ikirudi chini hairudi kwenye sifuri.

Tabu mpya ni pampu. Kutoa upepo ni kubonyeza valvu tu, sekunde chache. Kuurudisha kutoka 12 hadi 32 kwenye tairi la milimita 60 kwa pampu ya mkono nimehesabu: mara 140 mbele, na nyuma sikuhesabu kwa sababu nilikuwa nimeshachoka. Siku ya kutoka pwani na kwenda kazini moja kwa moja, kazi hiyo inakula kila nilichookoa mchangani. Leo nimejaribu njia ya kati, 20 na 28, na mchanga mkavu nimeuvuka na kiroba cha kilo 30 tu. Huenda viroba viwili vidogo ni bora kuliko kimoja kikubwa. Dada anasema hapana, maji hayangoji.

Lile tairi la mbele la 1.5, lenye nafuu, nimempa jirani wa baiskeli ya lami anayefuata njia ya mjini kila siku, kupitia Jozani na kurudi. Yeye hagusi mchanga. Kaniambia liko sawa kabisa, na mimi naamini.

Nilipolitoa gurudumu la nyuma jioni kuliosha chumvi, nimelizungusha kwa mkono na habu, kile kitovu cha gurudumu, imesaga. Maji ya bahari yameingia kwenye gololi. Kesho nafungua, grisi ninayo.